Kwa Beryl, Uliyeondoka Macho Yakiwa Wazi

Mwaka umetimia, Beryl, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotutoka bila dalili yoyote, bila hata kukataa chakula. Mpaka leo tukipita mbele ya kabati lako la kioo tunapunguza sauti, kisha tunakumbuka kuwa hakuna wa kumwamsha.

Hukuwa mjusi kafiri wa ukutani anayetimka taa ikiwashwa. Ulikuwa mjusi wa mkia wa kifundo, mwenye rangi ya udongo mwekundu wa bara, na kichwa ambacho wageni walidhani ni cha mnyama mwingine. Ukichokozwa, uliinuka kwa miguu yote minne ukapiga pushapu, kisha ukabweka. Mwanamume mmoja aliyefunga safari kutoka Adelaide kuja kuchukua watoto wako aliruka nyuma akakanyaga ndoo. Hapa Loxton watu bado wanamcheka.

Kazi yako ilikuwa kuzaa, na uliifanya kwa heshima. Kila msimu ulitaga mayai mawili, ukapumzika, ukataga tena. Watoto wako walitoka wakubwa na wapole kama wewe. Tuliwagawa wote kwa wafugaji wengine, hatukubakiza hata mmoja, kwa sababu wewe ulikuwepo. Nani angewaza vingine?

Na ulikuwa na huruma, acha wasiojua wabishe. Mama aliporudi kutoka hospitali akiwa hawezi kushika hata kikombe, ulipanda kiganjani kwake ukatulia pale jioni nzima. Mkono ule ulikuwa unatetemeka. Wewe hukuyumba.

Asubuhi ile dada yangu Tamsin ndiye aliyekufungulia. Ulikuwa kando ya jiwe lako, kichwa juu, unatutazama. Ninyi hamna kope, macho mnayasafisha kwa ulimi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Tamsin akakuamkia, akaenda zake kunywa chai. Baba akakuangushia mende, zawadi ya mama anayetaga. Mende akatembea mpaka miguuni pako. Akapanda mgongoni. Akasimama pale, anachezesha vipapasio.

"Noelene," Baba akaita. "Njoo hapa."

"Kuna nini tena asubuhi yote hii?"

"Mende yuko mgongoni kwa Beryl."

Mama akaja mbio. Katika maisha yako hakuna mende aliyekukaribia akapata nafasi ya kutalii.

Daktari wa mifugo alikupasua kwa ruhusa yetu. Ini zima, mifupa imara, hakuna yai lililokwama. "Sina la kuwaambia," alisema. "Wakati mwingine wanazimika tu."

"Taa ndiyo inazimika, daktari," Baba akamjibu. "Huyu jana jioni alikuwa anakula."

Tulikuzika nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Jirani yetu Des Trezise, mfugaji mwenzetu na mpinzani wetu wa siku zote, akaegemea uzio. "Nyie akina Schirmer, mnamwekea mjusi msiba?"

"Wa kwako akifa utamtupa jalalani, Des," nikamwambia. "Wa kwetu anapewa maneno." Nikakusomea haya, niliyoyatunga mwenyewe:

Ulitutazama wote, pasi kope kufumbika,
Hukukimbia yeyote, ulisimama kubweka,
Twasimama sisi sote, hatuna la kutamka,
Umekwenda hukuaga, na jua limeshawaka.

Des akavua kofia. Kwa Des hilo ni jambo kubwa.

Ulikuwa umetuachia mayai mawili katika mashine ya kutotolea, uliyotaga wiki ile ile. Tuliyatia alama ya penseli upande wa juu, kama tulivyofanya siku zote, kwa sababu yai la mjusi haligeuzwi. Kilichomo ndani hujishikiza juu, ukiligeuza, kinazama. Baada ya kukuzika, moyo wote wa nyumba hii ulihamia kwenye alama zile mbili.

Bibi Elsa, mama yake Baba, aliposikia habari alikuja kutoka shambani kutupikia. Unamkumbuka: amefuga kuku tangu ujana wake, na wewe alikuita "yule mama mnene". Tulikuwa mezani aliposema, "Naona mmechanganyikiwa, hata mayai ya marehemu mmeyasahau. Msijali. Ninayageuza mimi, asubuhi na jioni."

Uma wa Tamsin ukaanguka. "Unayafanyaje, Bibi?"

"Ninayageuza, mjukuu wangu. Yai lisipogeuzwa kifaranga kinanata upande mmoja. Hamjui hilo?"

"Bibi, hawa si kuku!" nikapiga kelele. Nikakimbia kwenye mashine. Alama zote mbili zilikuwa chini.

Niliporudi, Bibi alikuwa anatutazama mmoja mmoja. "Nimewaua?" Tamsin akainama kuokota uma wake. "Semeni basi. Nimewaua watoto wa Beryl?"

"Hatujui, Mama," Mama akasema.

Des alishauri tuyatupe. "Yameshazama hayo. Mnaatamia huzuni." Baba akamwambia arudi kwake. Tuliyarudisha alama juu, na baada ya hapo hatukuthubutu hata kuyainua ili kuyamulika kwa tochi. Tukasubiri. Bibi Elsa hakuingia tena katika chumba cha mashine. Kule shambani aliacha hata kuokota mayai ya kuku wake. Baba alipomuuliza, alisema mikono yake haina adabu.

Baada ya mwaka mpya mayai yakaota ukungu. Baba alitaka kuyazika kando yako kimya kimya, lakini Bibi akakataa. "Yapasue, Warwick. Nataka kumwona niliyemuua."

Baba akachukua wembe. Des naye alikuwepo, hakuna shughuli ya nyumba hii inayompita. Yai la kwanza: ute na kiini cha njano. Hakuna mshipa, hakuna hata uzi wa damu. La pili vile vile.

Des akainama akachungulia. "Haya hayakuwa na mbegu. Yalikuwa matupu tangu tumboni. Ungeyapikia keki, Mama Elsa, na hakuna ambaye angekulaumu."

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Mama akacheka, na Tamsin, na mimi, na Baba akiwa na wembe mkononi. Kisha Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, na sote tukanyamaza kwa pamoja. Tulikuwa tumepata habari kwamba hukuacha mtu nyumbani kwako, Beryl, na tulikuwa tunacheka.

Tunakwambia leo mbele za watu, usije ukasikia kwa Des. Kifo chako kilitushtua. Kicheko kile kimetushtua zaidi, na mpaka leo hatujajua tukiweke wapi. Lakini hatukifuti. Kama ungeacha watoto wawili waliozama kwa mikono ya Bibi yetu, tungepoteza wawili katika nyumba hii, wewe na yeye. Kwa utupu wa mayai yale ulimrudisha kwetu. Ameanza tena kuokota mayai ya kuku wake, na anaimba akiokota.

Unakumbukwa na Bibi Elsa Schirmer, aliyeomba jina lake litangulie, Baba Warwick na Mama Noelene, Tamsin, mimi Reuben niliyeandika haya, na jirani Des Trezise, aliyesema tusimtaje.

Kabati lako halijapewa mwingine. Maadamu sisi tupo, Beryl, hutasahaulika.