Namba Aliyopewa Baba

Kwako kaka Gikonyo,

Sasa hivi karani wa korti alikuwa anasoma orodha ya kesi. Akaita, "Nderitu!" Mtoto wangu akaruka na kujibu, "Niko!" Watu wote hapa koridoni Eldoret wakacheka. Hawajui nilimpa jina la baba.

Unakumbuka viazi vya Burnt Forest, vile baba alikuwa anatuchomea jikoni, akipuliza jivu? Siku ile ya vita vya baada ya uchaguzi pia aliviweka motoni. Wewe ulikuwa shuleni Nyeri, na kuna kitu sikuwahi kukuambia. Asubuhi alikuwa ameenda polisi kuripoti tunatishwa. Wakampa karatasi yenye namba ya OB, kile kitabu chao cha ripoti, wakamwambia, "Rudi nyumbani Mzee, tunakuja." Ndiyo maana hakukimbia na sisi. Alinipa ile karatasi, akasema, "Si vizuri wageni wakute mlango umefungwa." Nyumba ikachomwa akiwa ndani, akiwangoja hao polisi.

Wakili anasema serikali itabebeshwa lawama tukionyesha polisi walijua na wakakaa tu. Karatasi ninayo hapa. Imekunjika lakini inasomeka vizuri. Nina matumaini, kaka. Ukikuja Disemba nitakuchomea viazi, na huyu mdogo atapuliza jivu.

Ngoja, wanaita tena. Ananivuta mkono, anasema, "Mama, ni sisi," na kweli ni sisi.