Nesi Kidole

Tukuyu,
Alhamisi, 11 Juni

Kwako dada Generosa,

Salamu zikufikie hapo Kibosho, wewe, shemeji na watoto. Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, mimba imetimiza miezi minane, na baridi ya huku inatutafuna mpaka mifupa. Mume wangu Vicent anakusalimu. Kila jioni anaongea na tumbo utadhani linamjibu.

Dada, hapa zahanati wananiita Nesi Kidole, na nilikuwa nacheka nao. Jina lilianzia kikaoni. Mkuu wetu, Mzee Methusela, alisema mjamzito hushauriwa kupima virusi vya UKIMWI, halazimishwi, na akikataa ahudumiwe vilevile. Nikasimama na tumbo langu nikasema huruma hiyo ndiyo inayoua watoto. Tangu hapo, kwenye zamu yangu ikawa kutobolewa kidole kwanza, kadi ya kliniki baadaye.

Mwezi wa nne alikuja Lusungu, binti wa Kisondela, mimba yake ya kwanza. Aliomba akaongee kwanza na mumewe. Nilimwambia kwa sauti, wenzake wakisikia, kwamba anayeogopa kidole ana la kuficha. Akaondoka bila kadi.

Jumanne hii ndipo amerudi, miguu imemvimba. Alisema atapima, ila aliniuliza kwa upole kama na mimi nilitobolewa. Nikamfunulia kadi yangu, nikamwonyesha palipoandikwa sina maambukizi. Akanyoosha mkono. Amekutwa na virusi. Alilia sana, akameza dawa ya kwanza mbele yangu, kisha akanishika mikono akasema ndaga fijo, ahsante sana, bila kadi yangu asingethubutu.

Dada, kadi ile niliijaza mwenyewe. Sijapima. Unamkumbuka Godwin, mchumba wangu wa chuoni, na unajua ugonjwa uliomzika. Kila asubuhi nilijiambia kesho, huku natoboa vidole vya wenzangu. Kweli mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Lusungu nimempotezea miezi miwili ya kumkinga mtoto wake; wangu nimempotezea minane. Vicent akianza kuongea na tumbo, natoka nje kwa aibu.

Kesho nitamweleza Lusungu ukweli, maana anakuja kuonwa tena. Kabla yake nitaingia kwa Mzee Methusela, anitoboe. Mama usimwambie kwanza. Wasalimie wote, na uniombee, hasa huyu wa tumboni, ambaye hakuulizwa hiari wala lazima.

Mdogo wako mwenye kidole kizima mpaka leo,
Sia