Asiyepaswa Kusikia Habari Mbaya

Mabanga, Jumanne

Ati mtoto mchanga asiambiwe habari mbaya.

Nilimweleza mama mkwe alichosema daktari: presha yangu ya ujauzito ilipunguza damu iliyomfikia mtoto tumboni, ndiyo maana kazaliwa mdogo, na lazima moyo na mishipa yake ichunguzwe. Yeye alisikia neno moja tu, presha, na kwake mwenye presha hashtuliwi.

Asubuhi shemeji Barasa alifika kutoka Kabuchai. Hata hajakaa: "Mama, ile ng'ombe shemeji alipewa na baba yake, ile ya Kitale..."

"Nyamaza!" mama mkwe akamkatiza. "Unataka kuua mtoto?"

Wakanong'onezana nje, wakarudi wakimchekea mwanangu kama wagombea ubunge.

Mchana tulikwenda kliniki sote. Nesi alimfunga mtoto ukanda mdogo wa kupimia presha, kama wa saa. Presha yake sawa, moyo sawa. Nililia. Nimeogopa tangu azaliwe.

Kisha akanipima mimi. Bado iko juu.

"Sasa mtoto naweza kumwambia?" Barasa akauliza.

"Mwambie. Huyu ndiye asisikie," mama mkwe akasema, akininyooshea kidole.

Sasa hivi Barasa yuko sebuleni, amempakata mwanangu, anamnong'oneza mambo ya ng'ombe wangu. Nimetega sikio mlangoni. Sisikii kitu.

Mtoto kapiga miayo, kalala.