Pikapu Mpya na Jeneza la Tata Kalenga

Alhamisi. Vumbi limefunika Kolwezi tangu asubuhi, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika.

Leo nimekabidhiwa pikapu mpya ya kampuni. Ile ya zamani, niliyoiendesha miaka tisa kati ya Dilala na machimbo ya Mashamba, imevutwa kwa kamba mpaka nyuma ya ghala. Mpya ni aina ileile, jina lilelile, ila wameiunda upya kuanzia chini. Niseme ukweli, niliipenda mara moja. Wenzangu walikuwa wananionea wivu na mimi nikawa najinyoosha kwenye kiti kama waziri.

Injini inavuta trela la pampu kutoka shimoni bila kulalamika. Kwenye mteremko inashika mwendo yenyewe, mguu wako umepumzika tu. Kurudisha trela nyuma, kazi iliyonichukua mwaka mzima kuijua, sasa ni kuzungusha kitufe kimoja. Kasha la nyuma lina mizani: ukipakia, kioo kidogo kando ya usukani kinakuambia uzito. Kuna kamera pande zote, na nyingine ndogo juu ya usukani inayomtazama dereva asisinzie. Mtu akiingia njiani, gari linafunga breki kabla yako.

Shefu Mwamba, mkubwa wetu sisi madereva, alinipa ufunguo huku anacheka.

« Ilunga, hii haiko ile yako ya zamani. Inaona yote. Ukitoka mu njia ya kazi, ukibeba mutu, ku biro banajua. »

Nikacheka naye. Halafu nikaikumbuka ahadi niliyotoa kabla ofisi haijapata macho.

Jana, kwenye kilio cha mzee wetu Tata Kalenga, aliyekuwa azikwe leo, nilisimama mbele ya watu wote nikasema: « Gari iko. Mi njo ntamupeleka. »

Asiyekaa kwetu hajui uzito wa neno hilo. Katika kartiye, mtaa wetu, mtu akifa, hakuna anayekimbilia kukodi gari. Watu wanawatazama madereva wa kampuni. Mmoja akisimama na kusema gari iko, basi, familia inaacha kutafuta na kufikiria mambo mengine. Shefu naye siku zote alijitia hamnazo. Aliniambia tu nioshe kasha kabla ya kurudisha gari.

Na huyu hakuwa mtu yeyote tu. Tata Kalenga ndiye aliyenifundisha kuendesha, kwenye lori bovu, akinipiga gotini kwa kofia yake kila nilipokosea gia. Hakunidai hata soda. Bila yeye ningekuwa na vijana wa mashimoni leo, gunia mgongoni.

Ningeweza kumwomba shefu ruhusa. Angekataa, ningempigia Deo, mtoto mkubwa wa marehemu, watafute gari lingine mapema. Sikumwomba shefu na sikumpigia Deo. Nilizima simu. Nilijiambia kwamba wakiona sijafika watajua kuna jambo. Mtu mzima nimejificha nyuma ya simu iliyozimwa.

Saa nane mchana nilikuwa narudi kutoka Mashamba, trela nimeliacha huko, kasha tupu. Karibu na njia ya makaburini nikawaona. Jeneza lilikuwa juu ya pikipiki ya matairi matatu, ile ya kubebea simenti, limefungwa kwa kamba za mpira, na akina mama wanafuata kwa miguu katika vumbi. Nilikaza macho mbele ili nipite.

Mama mmoja akaingia njiani mbele yangu. Gari likasimama lenyewe, kabisa.

Umati wote ukageuka. Wakadhani nimefika.

« Yaya Ilunga njo huyu! » Deo alipaza sauti, akiniita yaya, kaka mkubwa, kama kawaida. « Mi nilibaambia atakuya! »

Kabla sijafungua mdomo, wanaume wanne walikuwa wameshazifungua kamba za jeneza na kulishusha. Wakaja nalo nyuma ya gari langu. Niliwaona kwenye kioo, wazi kabisa, mpaka jasho lao. Nilimwona mama Alphonsine, mjane, akiweka mkono kwenye ubavu wa gari kama mtu aliyepata pa kuegemea. Mlango wa kasha unafunguliwa kwa kitufe kilicho karibu na usukani. Na ile kamera ndogo ilikuwa inanitazama usoni.

Nilishusha dirisha, kidogo tu.

« Deo, siwezi. Hii gari inaniangalia. »

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliwageukia wanaume, akawaambia, « Tumurudishe. » Wakamrudisha Tata Kalenga juu ya pikipiki, na mimi nikaondoka.

Niliogopa kufukuzwa. Nina watoto wanne, na kazi ya udereva hapa mtu haipati mara mbili. Hiyo ni kweli, na haijanisaidia kumeza chakula.

Saa kumi na moja, nikirudisha ufunguo, nilimuuliza shefu kama watu wa biro, kule ofisini, waliona nimesimama njia ya makaburini.

« Bataona na nini? » Alicheka mpaka akakohoa. « Karte SIM ya ile mashini haiyafika. Labda juma ijayo. Leo ungebeba hata ng'ombe, nani angeyua? »

Hakuna aliyekuwa ananiangalia.

Nilipowasha simu nilikuta ujumbe wa Deo. « Yaya, usisikie mubaya. Mama anasema kazi ni kazi. Makosa ni ya ile gari, haiko yako. Kesho kuya tukule, tunakuwekea kiti. »

Nimeusoma mara nyingi na bado sijajibu. Uongo wangu wameshanitengenezea wenyewe, kazi yangu ni kuukalia tu. Kesho watalilaani gari, na mimi nitatikisa kichwa pamoja nao, na mama Alphonsine ataniletea bukari, ugali wetu, kwa mkono wake. Juma lijalo ile kadi itafika na hakuna atakayejua kwamba leo haikuwepo.

Kesho nitakwenda kwa mguu. Nitamwambia mama Alphonsine kwamba hakuna aliyenizuia, kwamba ni woga wangu mwenyewe. Nitamwambia kabla hajanipakulia.