Aproni ya Baba Katikati ya Blanketi

Jumamosi, Boito. Mvua ya mchana imekatika, mabati bado yanadondosha maji. Nimekaa mlangoni na kikombe cha chai, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa wiki nzima.

Blanketi limeisha.

Mama alilianza nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nguo yoyote ya nyumbani ikichakaa, alikata kipande akakishonea hapo: sketi yangu ya shule ya msingi, kitambaa cha kichwa cha Kogo, yaani nyanya yetu, gauni la dada yangu aliyeolewa Mulot. Baba alipofariki, Mama alilikunja akalifungia sandukuni likiwa na pengo katikati. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Siku hizi macho yake yamefifia na hawezi kutunga uzi. Majuzi akanikabidhi nimalizie, ila kipande cha katikati, akasema, angenipa mwenyewe.

Nilidhani ni koti la Baba la kanisani. Wapi! Alitoa aproni ya Baba ya kuchumia chai, ile ya plastiki nzito tunayojifunga ili umande usituloweshe. Kila jioni Baba aliingia nayo ikichakarisha na kumwaga maji sakafuni, na kabla hata ya salamu Mama alimfokea, "Vua hiyo kitu huko nje!" Sehemu yake kubwa ilishachanikia juu ya kuni tulizokuwa tukizifunika nayo. Kilibaki kipande hicho tu.

Nilinuna kidogo. Nani hujifunika plastiki?

Leo asubuhi nikakishona, sindano ikinidunga vidole. Halafu nikafanya ujinga wangu. Kwa furaha ya kumaliza, nikawasha pasi nikaanza kulinyoosha blanketi zima, kama ninavyonyoosha nguo za kanisa kila Jumamosi. Mkono ulifika katikati kabla ya akili.

Harufu ndiyo iliyonishtua.

Plastiki ilikuwa imejikunja na kujikunyata. Kitu cha mwisho cha Baba ambacho Mama alikitunza miaka yote hiyo, nami nimekichoma! Mama aliinusa ile harufu akiwa jikoni, akaja akipapasa ukuta. Akaweka kiganja pale katikati, akaifuata mikunjo kwa vidole, taratibu, nami nikisubiri kilio.

Akacheka. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Baba yako hakuna mtu alimnyoosha," akasema. "Wacha ikae hivyo."

Aliyelia ni mimi. Nililia kwa kushukuru, sina la kuficha.

Nimekuwa nikilitazama blanketi tangu wakati huo. Kilima cha ng'ambo sasa kinachumwa kwa mashine, tunasikia ngurumo yake tangu alfajiri. Jirani yetu aling'oa chai yake akapanda parachichi. Binti yangu hajawahi kujifunga aproni, na sidhani atawahi. Mambo haya yamekuwa yakinitia huzuni, na nadhani ndiyo maana nilikuwa nashona kwa kusitasita. Niliogopa kwamba pengo likizibwa, Mama ataona tumemaliza na Baba. Kumbe yeye alikuwa akingoja tu mtu wa kumsaidia kuliziba. Ningemuuliza mapema, ningejiokolea usiku mwingi wa mawazo.

Sasa hivi amelala kwenye kochi, blanketi limemfunika hadi kidevuni. Amegeuka kidogo, na ile plastiki ikachakarisha. Sauti ile ile ya Baba akiingia mlangoni.

Bila kufungua macho, akitabasamu, amesema, "Vua hiyo kitu huko nje."

Sijui kama yuko ndotoni au ananitania. Sitamwamsha nimuulize. Leo, Mama, mwache aingie nayo.