Chemchemi Isiyo na Hati

Jumapili jioni. Mvua imekatika mapema, lakini huku kwetu Manga bado kumefunikwa na ukungu. Viatu vyangu vya shule vimejaa tope na sijali. Leo nimezungumza mbele ya watu.

Mimi, ambaye darasani huomba mwalimu asinitazame.

Lazima nianze na kosa langu. Wiki tatu zimepita na sikuliandika hapa kwa sababu niliona haya.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano kuhusu jaa la taka. Wapimaji wa ardhi walitundika ramani ukutani pa shule ya msingi, wakatueleza kwamba jaa lililo juu ya kijiji chetu limejaa. Miji inakua, Kisii na Nyamira, kwa hiyo litapanuliwa kuteremka hadi bondeni. Nilikubaliana nao, na bado nakubaliana. Ukipita sokoni baada ya siku ya soko ukaona mitaro ilivyozibwa na mifuko na maganda, huwezi kusema taka zijitafutie pa kwenda.

Kisha nyanya yangu akasimama. Yeye huongea Ekegusii tu, hivyo mzee wa kijiji akanisukuma mbele nimtafsirie. Nyanya aliuliza: maji yetu mmeyaweka wapi?

Nikaitazama ramani. Chemchemi yetu haikuwepo. Ramani ilichorwa kwa kufuata hati za mashamba, na kila kipande kilikuwa na namba yake. Chemchemi iko bondeni, mashamba yote yakiwa juu yake, mahali ambapo hapana hati ya mtu. Hapo waliandika "ardhi wazi", na hapo ndipo shimo jipya litachimbwa.

Niliona. Nilielewa kabisa. Lakini nyuma yangu vijana wa boda boda walikuwa wakicheka, na mmoja akaita, "Msomi, tafsiri basi! Ama Kiswahili kimeisha?"

Nikasema, "Anawashukuru kwa kuja."

Nyanya aliketi ameridhika, akidhani swali lake limefika. Wenye hati wakatia sahihi ya kukubali. Walikuwa wanaume pekee, na sijawahi kumwona hata mmoja wao na mtungi kichwani.

Wapimaji walitaka kuja jana kupiga vigingi, wakaambiwa Jumamosi nusu ya kijiji, yaani Wasabato, iko kanisani. Ikawa leo. Kwa hiyo asubuhi, tukimenya ndizi za kupika, nilimwambia nyanya ukweli wote. Kisu chake kikasimama. Nilingoja anikaripie.

"Nimechuma chai ili usome," akasema, "nawe ukaenda kuwashukuru kwa niaba yangu?"

Halafu akacheka mpaka akapangusa macho. Mimi sikucheka.

"Leo sitaki unitafsirie," akaniambia. "Leo utasema yako."

Tulipofika kwenye jaa watu walikuwa wamekusanyika, vigingi vimeshapigwa, na injinia wa wapimaji alikuwa amesimama penye kigingi cha mwisho, ramani mkononi. Niliteremka hadi chini na kurudi mara tatu kwanza, ndipo nikamkaribia. Nilisema "Samahani" mara mbili kabla hajanisikia. Nikamwambia kuna chemchemi ambayo hawakuichora.

"Binti, hapa chini hapana mwenyewe," akasema kwa upole. "Tumeangalia hati zote."

"Hati hakuna. Maji yapo. Nimehesabu kutoka kigingi hiki, ni hatua themanini na mbili."

"Wewe ndiye uliyehesabu?"

"Mara tatu."

"Eh! Msomi ameamka!" akasema yule yule wa boda boda, lakini safari hii alikuwa wa kwanza kutushika mkono kwenye utelezi.

Tuliteremka katikati ya majani chai. Injinia hakuvaa viatu vya gambuti, akateleza akakaa chini kabisa, na mama mmoja akamwambia, "Pole, injinia. Sisi hupita hapa na lita ishirini." Hata yeye alicheka. Kule chini alikuta bomba lililojengewa saruji, mitungi imepangwa foleni, na mtoto akinywa kwa viganja. Aliinua macho akatazama alikotoka. Hakuna aliyehitaji kumweleza maji ya mvua huteremka kuelekea wapi.

Akapima. Akaiweka chemchemi kwenye ramani kwa kalamu yake, mbele yetu.

Lakini alisema wazi kwamba yeye hana uwezo wa kulihamisha shimo. Upande wa machweo, ng'ambo ya tuta, kuna mahali panapofaa, na uamuzi ni wa kamati inayosimamia jaa. Kamati inakaa Ijumaa. Inataka barua ya watu wanaotumia maji haya, na mtu wa kuisoma. Wale mama hawakushauriana hata kidogo. Wote waligeuka wakanitazama.

Barua iko mbele yangu sasa. Sikuandika kwamba tunakataa jaa, kwa sababu hatulikatai. Nimeandika kwamba sisi tunaochota hatukuulizwa, na kwamba ng'ambo ya tuta taka zitapata nafasi bila kutufuata mpaka ndani ya sufuria. Kila mama atatia sahihi au kidole gumba. Wengine wameshatia, na wino umenichafulia kidaftari.

Sijui kamati itasema nini. Ninachojua ni kwamba hoja yetu ni nzuri, nimeipima kwa miguu yangu.

Ijumaa kamati nzima itanitazama. Nitaisoma ikinitazama.