Pumzi Zinazopotea Kwenye Foleni

Mpendwa Shangazi Waya, shikamoo. Naomba unisaidie kabla kichwa hakijapasuka, maana hata barua hii naiandika nimesimama, kukaa siwezi, nikikaa mguu unatetemeka hadi meza inatikisika na mke wangu ananifukuza sebuleni.

Mimi na shemeji, kaka yake mke wangu, tuna karakana juu ya duka la matairi, yeye anachomea saketi, mimi naandika programu, na tumetengeneza kimashine cha kuangalia pumzi za watoto njiti, ndani yake niliweka foleni ya mviringo, yaani vyumba vichache vya kumbukumbu vimepangwa duara, kihisi cha pumzi kinaandika mbele, skrini inasoma ikifuata nyuma, hakuna kufuli, hakuna anayemsubiri mwenzake, na Shangazi, ilikuwa inakwenda vizuri mno. Basi shemeji bila kuniuliza akaongeza kihisi cha joto, akakielekeza humo humo kwenye foleni yangu, na sasa vihisi vikija kwa pamoja vinaandika chumba kimoja, kihisi cha pili kinafuta kilichoandikwa na cha kwanza, pumzi inapotea, si mara nyingi, lakini inapotea, na skrini inaonyesha kila kitu shwari.

Shemeji anasema, "Weka kufuli yaishe, bwana, acha kujifanya profesa." Mimi kufuli sitaki, kwa sababu kihisi cha pumzi kikisimamishwa mlangoni, pumzi inayofuata itakipita. Kwa hiyo nimeanza kuunda foleni mpya isiyo na kufuli ambayo hata waandishi kumi, yaani vihisi kumi, wanaweza kuiandikia kwa pamoja, nzuri ajabu, kwenye kompyuta yangu inateleza tu, ila kwenye chipu yetu ndogo inaganda. Tumenuniana, kila mmoja anakwenda kumlalamikia mke wangu, naye katuchoka. Kimashine cha kwanza tayari kiko wodini kwa majaribio, kwa hiyo nina haraka kidogo. Nichague kipi, kufuli au foleni yangu mpya?

Ni mimi, Asiyekaa.

*

Marahaba, Asiyekaa. Pole, ila leo umeniudhi, kwa hiyo vumilia.

Naanza na ulichokisukumia mwishoni kama soksi chafu chini ya kitanda. Kimashine kiko wodini! Umeandika barua nzima juu ya foleni, mtoto wa watu ukampa nusu sentensi, na ukaiita "haraka kidogo". Nani pale wodini anajua kwamba kinapoteza pumzi na kunyamaza? Muuguzi akiona skrini shwari anageukia kitanda kingine, na ana haki. Mguu wako hautetemeki kwa ajili ya kufuli, mwanangu. Unaogopa, na hofu yenyewe ni ya kweli.

Haya, foleni. Mviringo wako hauna ubaya. Uliujenga kwa mwandishi mmoja na msomaji mmoja, na hao wawili kufuli ya nini? Kosa ni kumwingiza mwandishi wa pili. Basi kipe kihisi cha joto foleni yake chenyewe, ndogo tu, na skrini isome zote mbili kwa zamu. Hiyo ya waandishi kumi iweke kabatini. Una waandishi wawili, hao wanane wengine unawaalika waje kufanya nini? Na foleni ikijaa usifute cha zamani kimyakimya, maana hapo mwandishi anaingilia kazi ya msomaji. Kataa kipya, hesabu ulichokataa, na ukikataa hata kimoja kimashine kilie wodi nzima isikie. Kijaribuni karakanani, vihisi vigombanishwe kwa makusudi, shemeji akiwa kando yako. Mwambie kihisi cha joto ni wazo zuri, kisha mgombeze kwa kutokuuliza. Mwambie yeye, mke wako mwacheni apumzike.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Namba uliyoacha nimeipiga kabla ya kipindi, hupokei. Ndiyo maana barua yako nimeisoma hewani kabla ya nyingine zote, kwa sababu wauguzi nao hunisikiliza wakiwa kazini. Jina lako sijalitaja, ila huenda kuna mmoja sasa hivi anakitazama kimashine pembeni ya kitanda cha mtoto na kujiuliza ndicho au sicho. Kusimama umeshasimama, umeniambia mwenyewe. Vaa viatu uende ukamwambie ndicho.